Spika za chumba kidogo: desibeli, omu na ukubwa wa boksi

Mpangaji mwenye sebule ya mita 3 kwa 3.5 akiingia duka la vifaa vya muziki Kariakoo, kitu cha kwanza atakachooneshwa ni wati. Boksi moja limeandikwa 5000, la pili 8000, na herufi PMPO (eti nguvu ya kilele) zimebandikwa pembeni. Namba hizo ni za kuuzia. Geuza kifaa nyuma, usome kibandiko cha umeme: kikiwa kinakula wati 60 ukutani, hakiwezi kukupigia muziki wa wati elfu. Amplifaya haizalishi umeme, inautumia ule ule iliopewa.

Swali lenye maana ni hili: wati moja ikiingia kwenye spika, sauti itakayosikika mita moja mbele yake ni kubwa kiasi gani? Hujibiwa kwa desibeli. Spika nyingi ndogo za rafu ziko kati ya 84 na 88. Desibeli 3 zikipungua, utahitaji wati mara mbili kufikia sauti ile ile. Zikipungua 10, mara kumi. Spika ya desibeli 92 hugeuza takriban asilimia 1 ya umeme kuwa sauti, na ya 82 hugeuza sehemu moja ya kumi ya hiyo. Umeme mwingine wote unaishia kuwa joto ndani ya koili, waya uliosokotwa unaoisukuma spika.

Kwa hesabu hiyo, wapenzi wa spika nyepesi kusukuma, yaani zenye desibeli nyingi, wana hoja nzito. Paul Klipsch wa Arkansas, Marekani, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946, alitengeneza spika ya honi ya kukaa pembeni mwa chumba, na Klipschorn yake hutajwa kuwa na desibeli 105. Kanuni yake ni ile ile ya honi za misikitini, ambazo kwa umeme kidogo husikika mtaa mzima. Spika ya namna hiyo haihitaji amplifaya kubwa, koili yake haipati joto la kuibana sauti, na ngoma ikipigwa ghafla inatoka na uzito wake.

Lakini Klipschorn ni kabati. Hapo ndipo panapoingia kanuni iliyopewa jina la Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH: kuna besi ya kina, kuna boksi dogo, na kuna wepesi wa kusukumwa, nawe utapata viwili tu kati ya vitatu. Edgar Villchur, mbunifu wa spika wa Marekani, alichagua viwili vya mwanzo. Mwaka 1954 alileta AR-1, boksi lililozibwa kabisa, ambalo hewa ya ndani ndiyo springi ya wufa, ile spika ya besi. Besi iliyokuwa ikihitaji boksi la ukubwa wa friji ikatoka kwenye boksi la kuweka rafuni. Gharama yake ilikuwa wati nyingi zaidi.

Sasa turudi kwenye sebule yetu. Tuseme unakaa mita 2 kutoka kwenye spika mbili, na unataka muziki uvume hadi desibeli 93 pale unapopanda juu kabisa. Hiyo ni sauti kubwa. Jirani atagonga ukuta. Spika za desibeli 84 zitadai kama wati 16 kila moja kwa sekunde hizo chache, na za 92 zitadai kama 2.5. Tofauti ni kubwa kwenye karatasi, ila amplifaya ndogo ya kawaida yenye wati 25 za kweli inazimudu zote mbili. Kwa hiyo kwenye chumba kidogo chenye umeme wa uhakika, nasema wazi, desibeli pekee si sababu ya kutosha ya kununua spika. Ukikimbilia 95 kwenye boksi dogo, besi ndiyo itakayolipa deni.

Ninachokisisitiza zaidi ni omu, yaani kiasi spika inavyouzuia umeme kupita, na hiki wauzaji hawakitaji. Spika inayoandikwa omu 8 haikai kwenye 8. Hupanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika, na nyingine hushuka hadi 3. Inaposhuka, inavuta mkondo mkubwa, na amplifaya ndogo inachemka au inajizima. Isitoshe, viwanda vingi hupima kwa volti 2.83, ambazo kwa omu 8 ni wati 1, lakini kwa omu 4 ni wati 2. Spika ya omu 4 inapata desibeli 3 za bure kwenye karatasi.

Tazama LS3/5a, spika iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo. Ina urefu wa sentimita 30 hivi na desibeli zipatazo 82 tu, lakini zile za mwanzo zilikuwa za omu 15. Haipazi sauti kwa urahisi, ila haimtesi amplifaya. Uvivu wa spika (desibeli chache) na ugumu wake kwa amplifaya (omu chache) ni vitu viwili tofauti, na watu wengi huvichanganya.

Chumba chenyewe nacho kinachangia. Kuta za tofali zilizo mita 3 mbali huvimbisha noti za karibu na hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), ndiyo maana sabufa kubwa chumbani huunguruma noti moja hiyo hiyo na kuifunika sauti ya mwimbaji. Spika ndogo ikisogezwa karibu na ukuta hupata besi ya ziada bila wati hata moja. Kwa anayesikiliza taarabu, anayetaka kuisikia fidla na ganuni kila moja mahali pake, mimi ningechagua spika za rafu za desibeli 86 hadi 89, omu 8 zisizoshuka chini ya 5, tundu la hewa likiwa mbele. Ukichukua za mtumba, bonyeza ukingo wa wufa kwa kidole: wa sponji ukimeguka, iache, wa mpira hudumu zaidi.

Penye sola hesabu inageuka. Amplifaya ya betri ya volti 12 isiyo na saketi ya kupandisha volti haifiki hata wati 10 safi kwa omu 8, na kila wati inayoliwa mchana ni dakika za taa zilizopotea usiku. Hapo boksi kubwa la desibeli 93, hata likiwa la mbao za fundi wa mtaani na wufa ya inchi 8, linastahili kona litakayoimeza.