Kimeng'enya hakifi

Mwulize mwanafunzi wa sekondari kwa nini kiazi kilichochemshwa hakitoi povu kikitiwa kwenye hidrojeni peroksidi, atakujibu: "Kimeng'enya kimekufa." Hapati alama, na lawama si yake peke yake. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia (hapa, kuivunja peroksidi itoe oksijeni), mnyororo wa asidi amino uliojikunja na kushikwa na viungo dhaifu. Joto likivikata viungo hivyo, umbo hufumuka na kazi ikakoma. Hakijawahi kuwa hai, kitakufaje?

Tazama mpangilio wa elimu wa Kenya wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho ni wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2027. Biolojia yake ilileta vimeng'enya kidato cha kwanza, ambacho cha mwisho kilikuwa cha 2024. Muundo wa atomi ulisubiri kemia ya kidato cha pili, moli (kipimo cha kuhesabu chembe) na kemia ya kaboni kidato cha tatu. Mtoto huikariri C6H12O6, fomula ya sukari ya glukosi, kama nambari ya gari. Ndipo baadhi ya walimu husema waanzie jikoni, kwa majaribio ya vitu vya nyumbani, wengine wakisisitiza ubao na nadharia kwanza, jikoni baadaye muda ukibaki (haubaki).

Mombasa, hoja ya jikoni ina nguvu. Kisiwa kimekalia mwamba wa matumbawe, yaani kalisi kaboneti, na maji ya kisima huichukua kalisi hiyo njiani. Kwangua gramu 1 ya sabuni ya kipande, iyeyushe kwa mililita 100 za maji ya mvua. Chukua chupa mbili za soda za nusu lita: moja itie mililita 50 za maji ya mvua, nyingine 50 za kisima. Ongeza maji ya sabuni mililita moja moja kwa bomba la sindano, tikisa sekunde 10, hesabu mililita hadi povu lidumu nusu dakika. Kisima kitakula sabuni nyingi zaidi, na ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni ni kalisi iliyoshikana na asidi za mafuta za sabuni. Ukitumia sabuni ya unga ya kufulia, tofauti itafifia, maana imetengenezwa ivumilie maji magumu, yaani yenye kalisi nyingi. Jaribio huharibikia hapo mara nyingi, na mwalimu hulaumu maji.

Lakini wa upande wa ubao nao hawabishi bure. Jikoni hudanganya. Ganda la yai, ambalo ni kalisi kaboneti, ndani ya siki hutoa mapovu ya kaboni dioksidi. Mfupa wa kuku hulainika tu, kwa kuwa madini yake hasa ni kalisi fosfeti. Anayefunga somo kwa "yote ni kalisi" amefundisha nusu ya uongo. Na jaribio lisilo na kipimo ni mazingaombwe: darasa hushangilia, daftari hubaki tupu.

Rudi kwenye kiazi. Mililita 5 za peroksidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, hutoa oksijeni mililita 50 hivi. Inase kwa mrija wa mpira ndani ya silinda iliyojazwa maji na kupinduliwa beseni. Tumia kipande kimoja cha kiazi kibichi cha sentimita 1 kila upande, halafu vitatu vya kadiri hiyo hiyo: vitatu vitawahi, lakini vyote huishia karibu na 50, ukivipa muda. Kiazi huharakisha tu, oksijeni inatoka kwenye peroksidi. Kile cha kuchemsha kichemshwe dakika 10 na kipoe kabisa, la sivyo unapima joto pia. Chupa ya peroksidi iliyokaa wazi dirishani kwa jua letu huwa imechoka. Idondoshee hamira iliyoloweshwa, isipotoa povu nunua nyingine.

Sasa, kwa nini 50 wala si 200? Jikoni hapana jibu. Jibu ni moli. Kwa hiyo naegemea jikoni, kwa sharti: kabla ya vimeng'enya, mwalimu wa biolojia aazime vipindi viwili pacha vya dakika 80 kila kimoja kutoka kwa mwenzake wa kemia, vya atomi na jinsi zinavyoshikana, basi. Muda utoke kwenye kunakilisha maelezo ya ubaoni. Mwenzake atalalamika kwamba mada zake zimeguswa kabla ya wakati, na kweli zimeguswa: akifika kwenye moli atakuta darasa linalouliza ile 50 ilitoka wapi, na itambidi aianze moli kutoka kwenye kiazi.