Dar es Salaam na elimu ya ukubwani: cheti au kisomo?

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Wengi wao wameshavuka umri wa kuvaa sare, lakini haja ya kujifunza haijawaisha. Mama lishe wa Buguruni anatakiwa kutunza hesabu za mkopo wa kikundi. Fundi magari wa Tandale anafungua boneti na kukuta mfumo wa kompyuta ambao bwana wake aliyemfundisha kazi hakuwahi kuuona. Mvutano uliopo, na ambao unastahili kupimwa kwa utulivu, ni huu: elimu ya watu hawa ilenge kuwapa cheti, au ilenge kuwasaidia kuishi na kufanya kazi zao leo?

Wanaotetea cheti wana hoja nzito. Tangazo la nafasi ya udereva serikalini huomba cheti cha kidato cha nne. Usipokuwa nacho, uzoefu wako wote barabarani hausomwi. Ndiyo maana masomo ya jioni na vituo vya QT, yaani Mtihani wa Maarifa, vina wateja wake. Mtihani huo humwezesha mtu aliyekosa sekondari kujisajili baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kwa wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, njia hii ilikuwa karibu ndiyo pekee hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu warudi katika shule za kawaida. Siwezi kuidharau njia iliyowapokea wakati shule zenyewe zilikuwa zimewafungia.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Seremala, mwashi au mpishi aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa kazi anayoijua, akafundishwa pale alipopungukiwa, kisha akapewa cheti. Naupenda mpango huu kuliko mingine yote kwa sababu hauanzi kwa kumwambia mtu mzima kwamba hajui kitu. Unaanza na mikono yake.

Lakini njia ya cheti ina kizingiti kisichosemwa vya kutosha, nacho ni lugha. Mama wa miaka thelathini na tano aliyeishia darasa la saba, anayeuza, kukopa, kudai na kusuluhisha ugomvi kwa Kiswahili kila siku, akirudi kusoma sekondari anakutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Anachofeli mara nyingi si somo. Anaweza kukueleza namna malaria inavyoambukizwa na kwa nini mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake ni hatari, ila karatasi ya mtihani haimuulizi kwa lugha anayoweza kujibia. Anakwenda mwaka mmoja, anakata tamaa, na majirani wanasema hakuwa na nia. Mimi nasema mlango ulifunguliwa nusu.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Nchi hii iliwahi kufanya kisomo kwa Kiswahili, na kikafika mbali. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka huohuo sheria ikaunda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa uhuru wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wengi kuliko wanaojua, lakini takwimu rasmi za 1986 zilionyesha kwamba wamebaki chini ya asilimia kumi.

Hata hivyo, tusiipambe enzi ile kupita kiasi. Kisomo kilisukumwa na chama na dola, na mahali pengine mtu alihudhuria kwa kuogopa balozi wa nyumba kumi kuliko kwa kupenda kitabu. Uchumi ulipoyumba miaka ya themanini, vitabu na posho za walimu viliadimika, na wapo waliosahau herufi kwa kukosa cha kusoma. Tena kisomo hakikumpa mtu karatasi ya kuombea kazi. Kijana wa Mbagala leo hatakubali kukaa chini ya mwembe miaka miwili aondoke na maarifa matupu, na ana haki ya kukataa.

Kwa hiyo naona kosa ni kuwalazimisha watu wawili tofauti wapite mlango mmoja. Anayetafuta ajira apewe njia ya cheti, na huyo asaidiwe Kiingereza mapema, kabla hajalipa ada ya mtihani. Anayetaka kuendesha biashara yake vizuri apewe kisomo cha muda mfupi, kwa Kiswahili, karibu na anapoishi. Ukaribu ni nusu ya kazi. Maktaba Kuu iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, katikati ya jiji. Mtu anayefunga duka Kariakoo saa kumi na mbili jioni, akasubiri mwendokasi Gerezani, akashuka Kimara na kutafuta bodaboda, hatarudi mjini kusoma. Shule za msingi ziko kila kata, na madarasa yake mengi hufungwa alasiri.

Halmashauri haziwezi kusema hili si lao. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni hatua kubwa ya kuwajumuisha waliokuwa pembeni, na naiunga mkono. Ila kikundi kinachoomba fedha hizo kinahitaji katiba, andiko la mradi na vitabu vya hesabu. Asiyeweza kuyaandika humlipa kijana wa duka la steshenari amwandikie, akaweka sahihi kwenye karatasi asizozielewa, na marejesho yakikwama hajui hata pa kuanzia kujitetea. Kwa asiyeona au asiyesikia, ugumu huo huongezeka mara mbili.

Darasa la jioni la miezi mitatu katika kila kata, likiwa na mwalimu anayelipwa, mkalimani wa lugha ya alama pale anapohitajika, na vitabu vya hesabu vya kikundi chenyewe kama kitabu cha kiada, lingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha zinazokopeshwa. Madiwani wa Ilala, Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni watakapokaa kupitisha bajeti ijayo, hicho ndicho kifungu nitakachoanza kukitafuta.