Sina Haraka Kabisa

Shemeji yangu mtarajiwa, kaka wa mchumba wangu, hawezi kukufundisha mchezo bila kwanza kukupitisha kwenye historia yake. Jioni niliyoalikwa kwao kama mkwe anayetambulika, nimevaa shati ambalo kola yake ilikuwa inaninyonga, alisimama katikati ya sebule na kalamu sikioni akatupeleka Moscow. Mwaka 1986, akasema, mwanafunzi wa saikolojia aitwaye Dimitry Davidoff alibuni mchezo wa Mafia: wachache wanajuana, wengi hawajui lolote, na kila mtu anamshuku aliyekaa karibu naye. Mwaka 1997 Andrew Plotkin akawatoa wahuni akaweka binadamu wanaogeuka mbwamwitu usiku. Ikaja Spyfall mwaka 2014, ambapo jasusi hajui wenzake wako mahali gani. Ikaja Codenames mwaka 2015, maneno 25 mezani na moja kati ya hayo ni la muuaji. Ukiliangukia tu, timu yako imekwisha.

Baba mkwe akauliza kama huko Moscow kuna waliowahi kufika kwenye kucheza.

Wa kwetu ulikuwa mwepesi, wala hauhitaji zaidi ya kalamu na vipande vya karatasi. Kila mchezaji anapewa kipande chenye neno la siri. Wote wana neno moja, isipokuwa mmoja, ndiye jasusi, ambaye neno lake linakaribiana na la wenzake lakini silo. Utamu wenyewe ni kwamba hata huyo jasusi hajui kuwa ni jasusi. Mnazunguka, kila mtu anatoa dokezo fupi bila kulitaja neno, halafu mnapiga kura. Ukidokeza waziwazi, unamfundisha jasusi. Ukijifanya mshairi, unashukiwa wewe.

Kwa hiyo mchezo mzima unasimama au unaanguka kwa yule anayechagua maneno, na aliyechagua alikuwa shemeji.

Duru ya kwanza alianza mdogo wake, msichana wa shule mwenye haraka zake. Akachungulia karatasi, akasema, "Kila mtu anacho."

Shangazi yao akatupa karatasi yake mezani. Shangazi huyu alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na ninashuku kustaafu hakukumwingia. "Jasusi ni mimi," akasema. "Nyinyi mnacho, mimi ninalo. Hapa nina godoro, kwa hiyo chenu ni kitanda. Nimeshinda. Nani anafuata?"

Duru ilikuwa imedumu kwa muda wa kikohozi kimoja. Shemeji akalalamika kuwa kitanda na godoro ni jozi nzuri, vinakaa pamoja, vinalaliwa vyote. Shangazi akamwambia uzuri wa jozi si kukaa pamoja chumbani, ni kukaa pamoja kwenye ngeli. Ukichagua neno la "ki" na neno la "li", kitenzi cha kwanza tu kitamwaga siri. Weka kitanda na kiti, au godoro na shuka, kila moja na wa ngeli yake, watu waongee kwa raha. Na kama umechoka kufikiri, akaongeza, chagua viumbe hai: simba, daktari, kipepeo, wote wanakwenda kwa "a" na "wa". Hata kipepeo pamoja na "ki" yake anaruka, hakiruki.

Shemeji aliitikia kwa kichwa namna ambayo watu huitikia ushauri wasioufuata.

Akaleta mvua na manyunyu. Hiyo tulizunguka mpaka tukachoka, kila mtu analowa, kila mtu anatafuta mwavuli, na jasusi hakupatikana kwa sababu hakukuwa na cha kumpatia. Akaleta nyumba na mlango, nayo ikaharibika kwa sababu ya upande wa pili: kimoja kiko ndani ya kingine, na mwenye mlango akisema "unaufunga," hata mtoto anajua hakuna anayefunga nyumba na kuiita "u". Mimi naona jozi nzuri ni ile ambayo watu wawili wanaweza kuijadili kwa dakika tano nzima, wakakubaliana kila kitu, na kila mmoja akaondoka na picha yake kichwani. Shemeji naye alikuwa anaitafuta jozi hiyo hiyo. Shida ni kwamba aliipata.

"Hii sasa ni ya watu wazima," akasema, akagawa karatasi huku akijiuma mdomo asicheke.

Nikafunua yangu. Mazishi.

Akaanza baba mkwe. "Watu walijaa mpaka nje. Wengine siwajui hadi leo." Nikatikisa kichwa kwa huzuni, maana hata mimi nimeona hivyo mara nyingi.

Mama mkwe akasema, "Nililia siku nzima." Nikamwonea huruma.

Shangazi: "Hotuba huwa ndefu kuliko inavyotakiwa."

Yule msichana wa shule: "Mimi huenda kula tu." Nikasema moyoni, huyu mtoto hajafundishwa haya.

Zamu ya mchumba wangu. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Nguo nimeshachagua."

Nikashtuka kidogo. Nguo ya mazishi, ya nani? Lakini nikajiambia kuwa kumbe naoa mwanamke mpangaji kuliko nilivyodhani, na hilo nalo si jambo baya. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeshajifunza kukwepa vitenzi vyenye ngeli, kwa hiyo nikatoa dokezo safi, lisilo na "ki" wala "li":

"Kwa upande wangu, sina haraka kabisa."

Sebule ikapoa. Mama mkwe akaweka glasi yake mezani bila kunywa. Shemeji akageukia dirisha, mabega yanamtetemeka.

Tukazunguka tena. Baba mkwe, sauti imepungua uchangamfu, akasema, "Nilidhani tarehe inakaribia." Nikawaza, kuna mgonjwa humu ndani na sikuambiwa? Mama mkwe: "Pesa tumeshaanza kuweka." Shangazi: "Picha zinabaki ukutani." Msichana wa shule: "Maua mengi." Yote yalikuwa sawa, yote yalikuwa mazishi matupu, isipokuwa kwamba kila aliyesema alikuwa ananiangalia mimi.

Kisha mchumba wangu, tabasamu limekwisha: "Ni siku ya watu wawili."

Wawili? Nikajumlisha. Nguo tayari. Tarehe karibu. Pesa zipo. Maua, picha ukutani, na watu wawili. Mtu mwenye utulivu angelishuku neno lake. Mimi nilishuku juisi niliyokuwa nimekaribishwa, nikaisogeza mbali taratibu.

"Dokezo lako, shem," shemeji akasema kwa shida.

"Ukishaingia," nikasema, "hutoki."

"Hutoki?" mama mkwe akauliza.

"Mama, hakuna maswali kwenye mchezo," shemeji akamkatiza, na naapa machozi yalikuwa yanamtoka.

Ukitazama kwa jicho la fundi, ile jozi ilikuwa imekamilika, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Harusi na mazishi. Nani angewaza? Yote mawili yana watu wengi, machozi, maua, hotuba, nguo maalumu, jamaa usiowajua na jamaa uliokuwa unawakwepa. Ungeweza kuipeleka kwa kundi lolote la marafiki wasio na jambo, wakacheka mpaka usiku. Lakini jozi haipimwi kwenye karatasi peke yake, inapimwa na waliokaa mezani. Mwenye kesi humchagulii "hakimu." Aliyefilisika jana humchagulii "benki." Na mwanamume aliyekuja kuonekana na wakwe zake humwandikii "mazishi" wakati sebule nzima imeshika "harusi," halafu ukasimama dirishani unalia kwa furaha.

Duru ya tatu mchumba wangu alikataa kutoa dokezo. Alikunja mikono, akasema, "Waendelee wenye ya kusema." Mimi nikaona hali imechafuka, ingawa sikujua imechafuliwa na nini, nikaamua kuisafisha kwa unyenyekevu na kumtaja Mungu. Mtu akimtaja Mungu mbele ya wakwe hawezi kukosea.

"Ninachomwomba Mungu ni kimoja tu," nikasema. "Yangu yachelewe. Hata miaka hamsini. Na ikiwezekana siku yenyewe nisiijue."

Mchumba wangu akasimama. Mama mkwe akamshika mkono, "Mwanangu, kaa kwanza." Baba mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia upya kama aliyekosea mtu.

"Kijana," akasema, "kuna mtu amekulazimisha?"

"Baba," nikamjibu kwa heshima zote, "hakuna anayekwenda kwa kupenda."

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Naweza kusema tu kwamba yule msichana wa shule alitoa simu akaanza kurekodi, na kwamba nilisikia jina langu na la marehemu babu yangu katika sentensi moja. Katikati ya kelele hizo shangazi alikuwa amenyoosha kidole juu, ametulia.

"Amesema yachelewe," akasema.

Hakuna aliyemsikiliza.

"Nyamazeni! Amesema yachelewe. Hiyo 'yangu' msameheni, 'yangu' inaingia pande zote. Lakini ya kwetu sisi ichelewe. Ya kwake yachelewe. Neno lake linakwenda kwa 'ya', kama maji, kama maisha. Huyu mtoto hana neno letu. Huyu ni jasusi."

Sijawahi kufurahi kuitwa jasusi kiasi kile. Kura zikapigwa, nikapata zote, na moja nilijipigia mwenyewe. Lakini shemeji, ambaye alikuwa bado hajashiba, akakumbusha kuwa kuna kanuni: jasusi aliyekamatwa hupewa nafasi moja ya kukisia neno la wenzake, akilipata anashinda yeye.

"Neno lao ni lipi, shem?"

Wote wakanigeukia. Mchumba wangu bado amesimama, lakini kuna kitu usoni mwake kilikuwa kimeanza kulegea. Alikuwa anangoja nilitaje. Nikafikiri haraka. Shangazi amesema lao linakwenda kwa "i". Kuna umati, kuna machozi, kuna pesa za kuchanga mapema, na linawahusu watu wawili kwa mpigo.

"Ajali," nikasema.

Baba mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, kisha akakohoa mpaka mama akampiga mgongoni. Shemeji alikuwa amekaa chini sakafuni. Mchumba wangu akaja mpaka nilipokaa, akanipokonya karatasi, akaisoma, akairudia, akakaa.

"Sina haraka, nimekuelewa," akasema. "Ukishaingia hutoki, nimekuelewa. Lakini ile ajali ulikuwa umeshajua kuna neno lingine, ukawaza, ukachagua."

"Ilikuwa inakwenda kwa 'i'," nikajitetea.

"Ndoto inakwenda kwa 'i'. Furaha inakwenda kwa 'i'."

Akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba wake, akasema anaihifadhi. Mpaka leo anayo, na kila nikichelewa kurudi nyumbani huiweka juu ya meza bila kusema neno.

Tungeishia hapo tungekuwa tumelala vizuri. Lakini baba mkwe alisema mwanawe ameshafukuzwa kazi, duru ya mwisho maneno atachagua yeye. Akachukua kalamu, akamwita shangazi pembeni, wakanong'onezana kwa muda mrefu. Nikamsikia shangazi akisema, "Hapo sawa, wote ni viumbe hai." Wakarudi na sura za watu wasio na hatia. Baba akagawa karatasi kwa mkono wake mwenyewe, na ya kwangu akanipa ya mwisho.

Nikafunua. Mwizi.

Ya wenzangu niliiona baadaye, karatasi zilipofunuliwa. Ilikuwa mkwe.

"Anakuja mpole," akaanza mama mkwe.

"Anaangalia kila kitu cha humu ndani," akasema msichana wa shule.

Shemeji: "Akiondoka, kuna kitu cha thamani hakipo."

Shangazi: "Wengine hurudi tena na tena."

Mchumba wangu alifikiri kidogo, akapandisha mabega. "Aliyemfungulia mlango ni mimi."

Zote zilikubaliana na karatasi yangu. Nilisikiliza kila kitenzi, kimoja baada ya kingine, "a", "a", "a", "hu", "a", hakuna hata kimoja cha kuniokoa. Baba mkwe akanyoosha mkono kunikaribisha.

"Mkimkamata," nikasema, "msimpige sana."