Mafresha wanakuja kila mwaka, wa kufunga kamba watatoka wapi?

Kila ikifika Oktoba huku Uingereza utasikia watu wa klabu za mapango za vyuo vikuu, yaani wanafunzi wanaoingia mapangoni kama mchezo, wanalinganisha idadi ya mafresha, wale wanafunzi wapya, mwaka huu tumeandikisha wengi, mwaka jana tuliambulia wachache, klabu ya chuo fulani inakufa, ya chuo kingine imefufuka, na mimi kwa kweli naona hizo hesabu za Oktoba zinatupotosha. Kuandika jina na imeili kwenye meza ya klabu wiki ya kwanza ya chuo hakumgharimu mtu chochote. Nani bado atavaa ovaroli lenye tope mwezi wa pili, baridi kali na mvua hainyamazi, na zaidi ya hapo nani mwakani ataweza kutangulia na begi la kamba awafungie wenzake shimo la mita 30 washuke salama?

Mimi ni mtu wa Tanga, pango nililolijua ni la Amboni, unaingia na mwongozaji mwenye tochi, anakuonyesha pale watu wanapoacha sadaka zao, mnatoka. Nilipokuja kusoma masters kaskazini mwa Uingereza nikakuta kuna wanafunzi wikiendi yao nzima inaishia chini ya ardhi, nikajiunga, na nimekaa nao vya kutosha kuiona klabu ikijaa, ikipukutika, ikajaa tena.

Safari ya kwanza ya mafresha huwa ni pango jepesi, kwa klabu nyingi zinazokwenda Yorkshire, huku huku kaskazini, ni Long Churn. Unatembea ndani ya mto, halafu kuna upenyo wanauita Cheese Press, mwamba juu mwamba chini, unalala kifudifudi unajisukuma kwa vidole vya miguu huku helmeti inakwaruza, na asiyetaka anapita pembeni na hakuna wa kumcheka. Fresha anatoka amelowa chapachapa anacheka, picha zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anasema atarudi. Wengi hawarudi. Mitihani ya Januari, hela ya safari, mpira, mapenzi, hayo yapo na hakuna kamati itakayoyazuia, na wala sioni ubaya, mtu kaja kajaribu karidhika, basi.

Shida ni hawa waliobaki. Ukitaka kuendelea na mapango ya Yorkshire lazima ujue kamba maana mengi ni mashimo ya kwenda chini, Gaping Gill peke yake shimo lake kuu linakaribia mita 100. Kupanda na kushuka unafundishwa kwenye mti au kwenye ukumbi wa michezo na baada ya wiki kadhaa umeshashika. Kufunga kamba ndo habari nyingine. Uangalie boliti, vile vyuma vilivyopigwa kwenye mwamba vya kufungia kamba, uchague fundo, uone kamba itagusa mwamba wapi maana ikisuguliwa inakatika, uifunge tena hapo katikati, na uache ulegevu wa kutosha ili anayekuja nyuma aweze kuhamisha vifaa vyake, ukiibana sana fresha wa watu ataning'inia pale vidole vimekufa ganzi, karabina, ile pete ya chuma inayomshikilia, haifunguki, na wewe uko chini unapiga kelele hasikii kitu kwa mngurumo wa maji. Tena ujue kusoma mvua. Mwaka 1967 watu sita walikufa kwenye pango la Mossdale, hukohuko Yorkshire, maji yalipojaa. Ujuzi wa namna hii unaiva kwa misimu miwili hivi, na digrii ya kwanza England kwa kawaida ni miaka mitatu, kwa hiyo mtu akishaiva umebaki naye mwaka mmoja, na mwaka huohuo ndo anaandika tasnifu.

Halafu kuna suala la dereva ambalo mtu wa nje halifikirii kabisa. Kwa sheria za huku, kijana mwenye leseni ya kawaida anaruhusiwa kuwaendeshea wenzake minibasi kwa kujitolea akiwa na miaka 21 na leseni yake ina miaka 2. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana miaka 19 au 20! Klabu inaweza kuwa na wanachama kibao na kamba mpya kabisa, safari ikafutwa kwa kukosa mtu wa kushika usukani. Ndo maana watu wa masters na PhD ni uti wa mgongo wa klabu hizi, wawili wakiondoka mwaka mmoja mnayumba.

Korona ilituonyesha wazi. Walioingia Oktoba 2019 walipata miezi michache tu kabla ya kila kitu kufungwa Machi 2020, walioingia 2020 karibu hawakuona pango mwaka wao wa kwanza, na vuli ya 2022 hao ndo walikuwa mwaka wa tatu, wanatakiwa wafundishe. Wafundishe nini na wao hawakufundishwa?

Lakini klabu za zamani zimepita magumu. Ile ya Bristol ipo tangu 1919, jumba lake la makumbusho lilipigwa bomu 1940 na klabu ikaendelea. Cambridge wanakwenda Austria tangu 1976 kwenye mapango ya eneo lilelile, karibu kila kiangazi wanaongeza kipande kwenye ramani, na mimi naamini hiyo inabakiza watu kuliko tisheti na pizza, kwa sababu mtu wa mwaka wa kwanza anajua asipojua kamba ifikapo Juni hataliona hilo pango.

Sasa niseme linaloniuma. Wanaoziua klabu mara nyingi ni wale wakali wenyewe. Wanafunga kamba haraka, wanafunga vizuri, na kila wikiendi begi wanabeba wao kwa sababu kumsubiri anayejifunza kunachosha na watu wanapata baridi, basi mtu wa mwaka wa pili anashuka kwenye kamba za wenzake mwaka mzima, anapiga picha, anakuwa mwanachama mzuri tu, na siku wakali wamehitimu anashika begi hajui aanze wapi. Nimeliona hili kwa macho yangu na linasikitisha mno maana watu walikuwepo, moyo walikuwa nao, hawakupewa nafasi.

Kwa hiyo naziomba kamati, Januari na Februari acheni kuhangaikia walioondoka. Chukueni watatu wanne waliobaki, tafuteni shimo fupi lenye boliti nzuri, wao watangulie na begi na mkali akae nyuma yao anaangalia kila fundo, asimnyang'anye mtu kamba isipokuwa kuna hatari. Wazee waliohitimu waalikwe kwa kazi hiyohiyo. Mtachelewa, hilo lipo, kwa hiyo yule aliyebaki nje mnayemuachia saa ya kuwapigia waokoaji msiporudi, mpeni saa ya mbele zaidi, muongeze hata saa tatu, msije mkawaamsha bure wale wa kujitolea wa Cave Rescue Organisation usiku kwa sababu tu mtu alikuwa anajifunza kufunga fundo la umbo la nane na glavu zimelowa.