Darasa likiwa kubwa, mhadhara peke yake hautoshi

Chukua mistari mitatu ya programu: a = 5, kisha b = a, kisha a = 7. Sasa b ni ngapi? Uliza swali hilo kwenye darasa la mwanzo la sayansi ya kompyuta na utawapata wanaojibu 7 bila kusita badala ya 5, maana alama ya = wameizoea kwenye hesabu, ambako husema pande mbili ni sawa; kwenye programu humpa b thamani ya a ya wakati huo tu. Mhadhiri anayepitisha slaidi saa nzima hatawajua hao. Watanakili kila kitu, na tatizo lao litajitokeza kwenye mtihani.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ile aliyoianza Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, mwaka 1991. Swali linatolewa, kila mmoja anajibu kivyake, kisha anajadiliana na jirani na kujibu tena. Aliyesema 7 anaambiwa na mwenzake: “Kompyuta inakwenda mstari kwa mstari. Ilipofika b = a, a ilikuwa bado 5.” Maelezo hayo yanamwingia, kwa kuwa yametoka kwa mtu ambaye naye ameelewa juzijuzi tu. Na wingi wa watu, ambao kila siku tunausingizia, hapa hauzuii chochote: wanafunzi 300 ni jozi 150. Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, watafiti waliofuatilia kozi nne za kompyuta walieleza mwaka 2013 kwamba kwa mbinu hii wastani wa wanaofeli ulishuka kutoka asilimia 20 hadi 7.

Hata hivyo, kujadili programu siyo kuiandika. Anayeanza apewe kwanza mistari iliyovurugwa aipange, ahangaike na mantiki kabla ya nukta na mabano. Baadaye waandike wawili wawili kwenye kompyuta moja, wakipokezana kibodi kwa lazima, la sivyo mwepesi ataing’ang’ania. Naye mhadhiri aandike programu mbele yao, na ikigoma asiharakishe kuificha. Wamwone anavyousoma ujumbe wa kosa na kulisaka.

Najua kilio cha wengi: silabasi haitaisha. Lakini inaisha kwa nani, ikiwa theluthi ya darasa iliachwa kwenye b = a? Maelezo marefu yarekodiwe, wanafunzi wayasikilize kabla ya kipindi. Muda wa ukumbini ubaki kwa maswali, na mada zisizobeba nyingine zisubiri muhula unaofuata.