Kima Anakaa Parklands, Mimi Kariobangi

Jamani, nani aliyepanga huu mji? Mimi nalipa kodi ya chumba kimoja Kariobangi, choo tunagawana milango sita, na mwenye ploti akisafisha koo tu najua nyongeza inakuja. Halafu City Park kuna kima hana kitambulisho wala kazi, anakaa Parklands kwenye hekta karibu 60 za miti na hajawahi kufungiwa mlango kwa kufuli tarehe tano. Sikuwa na neno naye, mpaka Jumapili hii niliyomtoa baba mkwe kutembea.

Baba mkwe anatoka Tabaka, Kisii, kule mawe ya sabuni yanakochimbwa. Amechonga viboko na vinyago tangu ujana wake, na mikono yake bado ina ule unga mweupe kwenye mikunjo. Mke wangu akasema, "Mpeleke mzee mahali pa heshima." Mahali pa heshima Nairobi panaanzia kwenye kiti cha mkahawa, na kiti kinaanzia kwenye bili. Nikakumbuka bustani ya sanamu iliyo kwenye kaburi la Joseph Murumbi, humo humo City Park. Heshima ipo, bili haipo.

Njiani nikajifanya mwalimu. Nikamwambia mzee kwamba Murumbi alizaliwa 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai, akawa makamu wa rais mwaka 1966, na mwaka haujaisha akajiuzulu mwenyewe. Mzee akasimama katikati ya njia.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

"Hakusukumwa?"

Hilo sikumjibu, maana nilitaka tufike. Nikamwambia mtu huyo alipenda sanaa ya Afrika kuliko kiti, kwamba hazina yake nyingine iko kwenye jumba la kumbukumbu za taifa pale Moi Avenue, na kwamba alizikwa hapa, 1990, ili awe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, yule mwanasiasa aliyepigwa risasi 1965. Mzee akavua kofia. Nikaona mambo yanaenda vizuri.

Tumefika, nikasimama pale mtu mstaarabu anaposimama, mikono nyuma, nikatikisa kichwa taratibu mbele ya sanamu. Sielewi kitu, lakini kutikisa kichwa ninajua. Mzee yeye akawa anatafuta kazi ya Elkana Ong'esa, mtu wa kwao, ambaye jiwe lake limefika mpaka makao ya UNESCO kule Paris. Mimi mwenyewe sijafika Namanga.

Ndipo mwenye bustani akashuka.

Hakuja na fujo. Alishuka mtini taratibu, shingo nyeupe kama shemasi siku ya meza ya Bwana, akapita katikati yetu bila salamu, akapanda sanamu. Akaipapasa begani. Akanusa. Akaramba kidogo. Akazunguka nyuma, mahali ambapo mimi sikuwa nimewaza kwamba sanamu ina nyuma. Nikapiga makofi kumfukuza.

"Mwache," mzee akasema. "Jiwe huangaliwa kwa mkono. Wewe umesimama huko utafikiri unasubiri matatu."

Yaani! Mimi niliyelipa nauli ya watu wawili! Nimeoa kwake, mahari nimelipa (sehemu kubwa), leo napewa kima kama mfano wa kuiga. Na kima akajua amepata wakili, akashuka mpaka kwenye bahasha ya mandazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, hawa jamaa wamerahisishiwa maisha: kaki haihitaji hata meno. Andazi la kwanza likaingia shavu la kulia, la pili shavu la kushoto. Mungu amempa mifuko ya akiba ndani ya mashavu, mimi SACCO wananiambia nisubiri wadhamini.

Akarudi juu ya sanamu kula kwa nafasi. Iliki ya mke wangu ikawa inamwagika juu ya kazi ya sanaa. Nikamgeukia mzee nikitegemea angalau hapo atakasirika kwa niaba ya wachongaji wote.

"Unaona alivyokaa?" akasema. "Hatelezi. Aliyepiga msasa hapo alijua kazi. Ukilainisha jiwe likiwa kavu, halafu uvivu ukushike kwenye maji ya mwisho, hata kima atakuaibisha." Akasogea karibu, akaanza kumweleza. Kima, si mimi. Kima akatafuna akimtazama kwa makini ambayo sijawahi kumpa mzee tangu nioe.

Mwishowe mzee akanigeukia. "Mkwe, mwenyeji wetu bado ana njaa. Katafute ndizi."

Nikaenda mpaka kwa mama mmoja mwenye beseni. Nikauliza bei.

"Ni za kula wewe au za kima?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Zako kumi kumi. Za kima ishirini."

"Ndizi ni zile zile, mama!"

"Ni zile zile," akasema, akinihesabia za ishirini. "Lakini sijawahi kuona mtu akila za kumi."