Kidonge chenye Umbo la Kobe na Hesabu ya Dozi

Kidonge kinachodunga insulini kikiwa ndani ya tumbo, ambacho Giovanni Traverso, Robert Langer na wenzao wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walikieleza katika jarida la Science mnamo Februari 2019 kwa ushirikiano na kampuni ya dawa ya Novo Nordisk, kina wakosoaji wanaokiona kuwa anasa ya maabara, nao hawakosi hoja. Sindano za kalamu za kujidungia insulini siku hizi zinaweza kuwa na urefu wa milimita 4 tu na maumivu yake ni madogo, ilhali mgonjwa wa kisukari wa kwetu mara nyingi anachohangaikia ni kuipata insulini yenyewe na mahali pa kuitunza. Tena mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kuzingatia hali ya hewa ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, kwamba insulini hubaki na nguvu yake kwa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo hayo, ambayo hayakuhitaji kubuniwa kwa kifaa chochote, yanaweza kumwondolea mtu asiye na jokofu safari za kwenda zahanati kila siku.

Hata hivyo, neno anasa halikitoshi kifaa hiki, na anayelitumia pengine hajatazama kilichomo ndani yake. Hamna betri wala saketi. Umbo lake limeigwa kutoka kwa kobe wa madoadoa, yule wa mbuga zetu, ambaye gamba lake lililoinuka kama kuba humsaidia kujigeuza anapoangushwa chali. Kidonge nacho, kwa kuwa kizito upande wa chini, hujikalisha wima popote kitakapotua na kuugusisha uwazi wa sindano kwenye ukuta wa tumbo. Springi imezuiwa na kisahani cha sukari. Maji ya tumboni yakiingia, sukari huyeyuka, springi hufyatuka, na ncha ya sindano, ambayo karibu yote ni insulini iliyokaushwa na kushindiliwa, huzama ukutani na kuyeyuka kwa muda wa saa moja hivi, huku ganda likiendelea na safari yake hadi kutoka kwa haja kubwa. Kutambua upande wa chini, kupima muda na kusukuma, kazi ambazo katika vifaa vingine hufanywa na vihisi na mota, hapa zimeachiwa uzito, sukari na chuma kilichokunjwa. Ubunifu huo ndio ninaouona kuwa umedharauliwa bila haki.

Penye ugumu ni kwenye dozi. Nguruwe wa majaribio ya mwanzo walipewa hadi maikrogramu 300, yaani yuniti 8 na nusu hivi, na baadaye watafiti wakafikia miligramu 5. Kiasi kinatosha, lakini kiasi sicho swali lote. Anayetumia kalamu huizungusha yuniti moja moja, akipunguza leo kwa sababu hakula vizuri na kuongeza kesho kwa sababu sukari imepanda, ilhali kidonge kimeshindiliwa kiwandani na hakibadiliki. Nguruwe wale walikuwa hawajala. Tumbo lenye ugali na maharage ni mazingira mengine kabisa, kwani chakula kinaweza kukaa kati ya sindano na ukuta. Mbaya zaidi, mgonjwa hana njia ya kujua kama springi imefyatuka. Akidhani haikufyatuka na kumeza kingine, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Hofu hiyo haiondolewi na habari njema kwamba tumbo halina mishipa ya kuhisi maumivu makali. Kwa hakika inaongezeka, kwa kuwa mchomo usiosikika hautoi taarifa.

Ndiyo maana toleo la mwaka 2021, lililoboreshwa ili lidunge dawa ya maji, lanivutia zaidi kuliko la kwanza. Pamoja na insulini, lilijaribiwa kwa adalimumab, dawa ya baridi yabisi, na kwa dawa za jamii ya GLP-1, zinazotumika kwa kisukari na kupunguza uzito, likiweza kubeba hadi miligramu 4. Dawa za namna hiyo hutolewa kwa kipimo kinachojulikana mapema, wala hazitegemei mgonjwa amekula nini mchana, na dozi moja iliyokosa kufyatuka haimtumbukizi mtu katika hatari ya saa ileile. Kwa insulini ya kila mlo, basi, wakosoaji wako sahihi, na kalamu iendelee; kwa dawa hizi nyingine sioni ni hoja gani waliyo nayo isipokuwa bei, ambayo itajulikana tu kifaa kitakapoanza kutengenezwa kwa wingi.